Kompyuta Ipi Ni Rahisi Kutumia?

Kamati za sharika zinapojiandaa kununua au kupokea kompyuta, mara nyingi huzuka ubishi: iwe ya Windows, Macintosh au Linux? Kila upande husema mfumo wake ndio rahisi. Tunaeleza hapa chanzo cha ubishi huo na namna ya kuamua.

Ubishi huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1984 kampuni ya Apple ilitoa Macintosh, iliyotumia picha na kipanya badala ya amri za kuandika. Microsoft ilitoa Windows mwaka 1985. Mwaka 1988 Apple iliishtaki Microsoft kwa madai ya kuiga mwonekano wake, ikashindwa. Linux, inayopatikana bure, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Ufini.

Mwaka 1994 mwandishi wa Italia, Umberto Eco, alitania kwamba Macintosh ni Mkatoliki, kwa kuwa humwongoza mtu hatua kwa hatua, na DOS, mfumo wa amri wa Microsoft, ni Mprotestanti, kwa kuwa humwachia kila mtu aamue mwenyewe. Utani huo una ukweli: watu hutetea kompyuta zao kama imani.

Sababu kubwa ni mazoea. Katika Macintosh kitufe cha kufunga dirisha kiko kushoto; katika Windows kiko kulia. Aliyezoea huku hupotea kule. Hata ndani ya mfumo mmoja hali ni hiyo. Windows 8 ya mwaka 2012 iliondoa kitufe cha kuanzia, watumiaji wakalalamika, na mwaka 2013 kikarudishwa.

Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango namba 9241-11. Kinapima mambo matatu: kazi ikamilike, isipoteze muda na nguvu bure, na mtumiaji aridhike. Lakini hupimwa kwa watumiaji fulani, kazi fulani na mazingira fulani. Kwa hiyo kuuliza "ipi ni rahisi" bila kusema kwa nani ni kubishana bure.

Tunashauri kamati zijiulize:

1. Nani ataitumia, na amezoea nini?
2. Ni kwa kazi gani: barua, hesabu za sadaka, au kumbukumbu za ubatizo?
3. Ikiharibika, fundi wa karibu anaufahamu mfumo upi?
4. Je, mfumo bado unalindwa? Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Linux inaweza kuziongezea maisha, lakini watumishi wafundishwe kwanza.

Kabla ya kuamua, mkalisheni katibu na mhasibu mbele ya kompyuta, wafanye kazi yao ya kawaida, nanyi mtazame wanakwama wapi. Wafadhili wetu nao tunawaomba waulize usharika kabla ya kutuma mashine, na waweke fungu la mafunzo. Kompyuta isiyo na mtu wa kuitumia huishia kufunikwa kitambaa ofisini.