HESABU ZA WATU ZA ZAMANI NA NASABA ZETU

Tangu msimu uliopita wanachama kadha wa kadha wamefika afisini kwetu na suali moja: Jee, zile hesabu za watu zilizofanywa na Serikali zamani zaweza kumwonyesha mtu babu yake alikuwa nani, na nyumbani mwake waliishi akina nani? Suali hili halikuja bure. Mikarafuu hurithiwa, na mwenye kudai fungu lake hana budi aijue nasaba yake. Kwa hiyo tumeonelea tuyaandike hapa machache tunayoyajua.

Anayetazamia kufungua kitabu cha hesabu akaliona jina la babu yake atarudi mikono mitupu. Vitabu vilivyopigwa chapa ni vya idadi tu. Cha hesabu ya usiku wa tarehe 19 kuamkia 20 Machi 1958 chasema Unguja walikuwako watu 165,253 na Pemba 133,858, jumla yao 299,111. Na miaka kumi nyuma, mwaka 1948, jumla ilikuwa 264,162. Jina la mtu hamna hata moja. Na lau yangelikuwamo, hapa Pemba kijiji kimoja huweza kuwa na akina Hamadi Kombo wanne. Tungelijuaje wetu ni yupi?

Hata hivyo vitabu hivyo vina faida kwa mwenye kuvisoma kwa makini. Tazameni hesabu ya mwaka 1924 na ile ya 1931. Ya kwanza iliwaandika Waswahili zaidi ya 30,000. Ya pili iliwakuta kiasi cha 2,000 tu. Waarabu nao, waliokuwa karibu 19,000, wakawa zaidi ya 33,000. Haya yote kwa miaka saba! Jee, yalizuka maradhi yakawachagua Waswahili peke yao? Au majahazi ya kaskazi yalishusha watu 14,000? Wamanga walikuja, ni kweli, lakini si kwa kadiri hiyo. Wengi wa watu walikuwa wale wale, katika nyumba zile zile, chini ya mikarafuu ile ile. Kilichobadilika ni jawabu waliyompa mwandishi aliposimama mlangoni na karatasi yake.

Nao walikuwa na sababu. Utumwa ulifutwa kwa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1897, lakini amri haifuti maneno ya watu. Jina la Mswahili lilikwisha kunasibishwa na utumwa, na kila aliyeweza kulivua alilivua: huyu akajiita Mshirazi, huyu Mhadimu, huyu Mtumbatu, na mwengine Mwarabu. Tusiwacheke wazee wetu. Aliyejibu hivyo alikuwa akiwatafutia wanawe heshima, na karatasi ya Serikali ilikuwa jambo zito. Ilipofika 1958 Waarabu na Waafrika waliandikwa pamoja, na kitabu cha mwaka huo hakimpi mtu jawabu ya kabila kwa upande huo.

Basi mwenye kukuta babu yake akisimuliwa kwa kabila moja na ami yake kwa kabila jengine asiharakie kusema kwamba mmoja wao ni mwongo.

Umri nao una mambo yake. Wazee wengi wakiulizwa miaka yao walitaja arubaini, khamsini au sitini, nao waandishi wakaandika hivyo hivyo. Afadhali kumwuliza mzee alikuwa na kimo gani mwaka Wahindi walipogoma kununua karafuu. Huo ni 1937, na hapo hesabu yake haikosi kwa mbali. Na kumbukeni kwamba hesabu ya usiku mmoja humwandika mtu pale alipolala. Mvuvi aliyekuwa dago, na mke aliyekwenda kujifungua kwa mamake, hawakuhesabiwa majumbani mwao.

Mwaka uliopita walitujia watu wa nyumba mbili zinazogombania mikarafuu. Wa nyumba ya kwanza walitaka tuwatafutie hesabu ya 1948 ili ithibitishe kwamba bibi wa nyumba ya pili hakuwa binti wa mwenye shamba, bali mtu aliyekaribishwa akakaa. Tuliwaambia kwamba hesabu ile haiwezi kumtoa mtu katika ukoo, wala kumtia. Tukawauliza kama mwenye shamba alipofariki mirathi ilipita kwa Kadhi. Hakuna aliyejua. Kila mmoja alikuwa na maneno ya babake, na kila babake alikuwa na maneno ya mtu mwengine.

Miezi mitatu baadaye kizee mmoja, ambaye hakuna aliyefikiri kumwuliza kwa kuwa ni mwanamke na hatoki nje, alifungua kasha lake akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa hati ya mirathi yenye muhuri wa Kadhi, na ndani yake jina la bibi yule, binti wa marehemu, na fungu lake kwa sharia: nusu ya fungu la kila ndugu yake mwanamume. Waliokuja kutaka hesabu walikaa kimya muda mrefu. Kisha mkubwa wao aliomba asomewe tena.

Kwa hiyo, mwanachama anayetaka kuufuata ukoo wake aanze na wazee walio hai, khasa kina mama, kisha makasha ya nyumbani, kisha hati za Kadhi na za wakfu. Akishajua jina la mji na mwaka, ndipo aende Nyaraka za Taifa, Kilimani, akasome vitabu vya hesabu vimweleze mji ule ulikuwaje siku zile. Karatasi za zamani asizibandike kwa gundi wala kuzianika juani.

Hati ile imekwisha nakiliwa, na nakala moja imo kabatini mwetu. Watoto wa bibi yule walipima karafuu zao msimu huu kwa jina lao wenyewe.