Kilatini kwa Watoto wa Shule za Msingi Meru na Embu: Suala la Upatanisho

Katika Meru na Embu, watoto wa Kikatoliki walikisikia Kilatini zamani kabla ya kuwako mtu wa kuwaeleza sarufi yake. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia, walioingia Kenya mwaka 1902 na baadaye kufika nyanda hizo, waliadhimisha Misa kwa Kilatini, na mtoto aliyetumikia altareni alikariri majibu kwa sikio. (Wenzake wa misheni ya Kiskoti ya Chogoria hawakuwa na haja hiyo.) Matamshi yalikuwa ya Kiitalia: caelum lilisikika chelum. Irabu tano hazikumtatiza msemaji wa Kimeru au Kiembu, ambazo zina irabu saba. Kilichomtatiza ni silabi funge na mifuatano ya konsonanti, kama katika spiritus na sanctus. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungulia mlango lugha za wenyeji mwaka 1963, ukariri huo ulianza kufifia.

Ukariri huo haukuwa ufundishaji wa lugha. Lakini tuseme mtoto wa miaka 10 afundishwe Kilatini hasa: aelezwe kwa lugha gani? Jibu la mazoea ni Kiingereza, nalo ndilo jibu baya. Kivumishi cha Kiingereza hakibadiliki kufuata nomino, hivyo upatanisho wa Kilatini huonekana kioja. Kwa mtoto aliyelelewa katika Kimeru, ambamo muntu huwa antu, au Kiembu, ambamo mundu huwa andu, na maneno mengine yakafuata, kioja hicho hakipo. Puer bonus, pueri boni: mvulana mwema, wavulana wema.

Hata penye utata mtoto ana msaada. Agricola, yaani mkulima, lina umbo la nomino za kike, lakini husemwa agricola bonus, si bona. Mwanafunzi wa Kiingereza hukariri jambo hili kama ukaidi wa lugha. Anayejua Kiswahili husema "kipofu huyu", kamwe si "kipofu hiki"; anajua tayari kwamba maana huweza kulishinda umbo. Vivyo hivyo amo, amas, amat: nafsi imo ndani ya kitenzi, kama katika napenda, unapenda, anapenda, ila Kilatini huiweka mwishoni.

Ugumu halisi upo kwenye nomino. Puella puerum amat na puerum puella amat zote humaanisha kwamba msichana anampenda mvulana, kwa sababu -um huonyesha mtendwa. Katika lugha za Kibantu nomino yenyewe haibebi alama ya namna hiyo. Mpangilio wa maneno na kiambishi cha mtendwa katika kitenzi ndivyo hufanya kazi hiyo. Hapo ndipo mwalimu anapaswa kutumia muda mrefu, na hapo lugha ya mama haimwachii njia ya mkato. Tume ya Gachathi mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika miaka 3 ya kwanza. Mtoto aliyepitia madarasa hayo na kuzoea kuichambua lugha yake huweza kuonyeshwa tofauti hii kwa mifano ya Kimeru au Kiembu, kabla ya kupewa jedwali lolote la minyambuliko ya nomino.