Radi Kutoka Mbingu Nyeupe

Mwingereza akipata habari ambayo hakuitarajia hata kidogo, husema imemjia kama "a bolt from the blue", yaani radi iliyochomoka kwenye anga la buluu lisilo na wingu. Mwaka 1837 mwandishi wa Uskoti, Thomas Carlyle, aliutumia mfano huo katika historia yake ya Mapinduzi ya Ufaransa, akielezea jinsi watu walivyokamatwa kwa ghafla. Wazo lenyewe ni kongwe zaidi. Kabla ya Kristo kuzaliwa, mshairi Mrumi Horace alishatunga shairi kuhusu mungu Jupiter akinguruma katika mbingu nyeupe.

Mtu anaweza kudhani washairi walitia chumvi, kumbe radi ya namna hiyo ipo, na inaua.

Ndani ya wingu la radi, hewa inayopanda kwa kasi hurusha chembe za barafu, zikagongana na punje za barafu zilizo nzito zaidi. Baada ya kugongana, chembe nyepesi hupaa na chaji chanya hadi kileleni mwa wingu, na punje nzito hubaki katikati na chaji hasi. Umeme mwingi huishia humo humo winguni, kati ya matabaka hayo mawili. Lakini chaji ya kileleni ikiwa imepungua, umeme uliokuwa ukipanda hutokea ubavuni mwa wingu, hukata anga kilomita 10 au hata zaidi, kisha huinama na kupiga ardhi. Aliye pale chini anaota jua, na wingu lenyewe huenda limefichwa na kilima. Njia ya radi hiyo hupata joto la nyuzi 30,000 za Selsiasi, karibu mara tano ya joto la uso wa jua.

Jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na Ziwa Viktoria nalo limo katika orodha hiyo.

Ngurumo husikika hadi kilomita 15 hivi, kwa hiyo anayeisikia tayari yuko mahali ambapo radi inaweza kufika. Ukiisikia, usidanganywe na weupe wa mbingu. Toka shambani, uwanjani au ziwani, uingie kwenye nyumba imara au ndani ya gari lililofunikwa. Usijikinge chini ya mti. Na usitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.