Masolo ya grupe: tuyakataze ao tuyaache?

Tangu mwanzo wa msimu huu viongozi wa koperative kadhaa za upande wa Beni na Lubero wanatuuliza ulizo moja. Grupe ya WhatsApp ya koperative ilifunguliwa kwa kutangaza mikutano, bei na siku ya kupima mazao. Lakini mtu akiingia asubuhi anakuta odio 40: Mazembe imefungwa, deputé fulani amenunua gari mpya, njia ya Kasindi imeharibika tena, bibi ya fulani amezaa mapacha. Na chini kabisa kuna tangazo la presida ambalo hakuna mtu alisoma. Sasa wanauliza: tuyakataze masolo hayo?

Sisi maagronome wenu tunajibu: hapana, muyaache.

Kwa sababu ya kazi yetu tuko ndani ya grupe nyingi. Zile ambazo presida peke yake anaandika zinalala. Watu wanazizima sauti, na siku ya mkutano wanasema hawakuona kitu. Mtu anafungua simu mangaribi kwa sababu anataka kucheka kidogo nyuma ya kazi, tena anataka kujua kama njia iko wazi. Akiisha kucheka, njo anakutana na tangazo. Hata siku ya salongo, nani anashika jembe bila masolo?

Tena kicheko kinabeba habari. Msimu uliopita memba mmoja alituma picha ya mahindi yake yenye majani ya matundu matundu. Akaandika kwamba deputé wake amefika tayari: anakula katikati, anaacha uchafu, na hakuna mtu alimupigia kura. Grupe nzima ikacheka. Lakini chini ya vicheko mwingine akaandika: huyo deputé hata kwangu iko. Na mwingine, na mwingine. Mbele ya usiku kuingia tulikuwa na picha za mashamba sita, na kesho yake asubuhi tulipanda pikipiki kwenda kutazama.

Alikuwa kiwavi jeshi, yule aliyetoka Amerika na kuonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016. Ukitaka kumutambua, tazama kichwa: kuna alama kama herufi Y iliyopinduka. Karibu na mkia kuna madoa 4 meusi yanayofanya mraba. Kipepeo jike anataga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja, njo maana siku mbili tatu ni kitu kikubwa. Kiwavi akiwa mdogo bado, unamuponda kwa vidole ao unatia majivu ndani ya moyo wa mmea. Akiisha kukomaa ndani kule, hata dawa ya kununua haimufikie vizuri. Kama mzaha ule ungekatazwa, tungepata habari wakati mahindi yameisha kulika.

Sasa tuje kwa bei, maana hapa masolo yanaumiza watu kweli.

Katika grupe za kakao kuna picha moja inazunguka mpaka leo: bei ya New York iliyopita dola 12,000 kwa tone. Watu wanaandika: kule dola 12 kwa kilo, huku kwetu wanatupa ngapi? Koperative inatuiba! Wengine wanacheka, wengine wanakasirika, na kuna wenye kufunga kakao yao ndani ya nyumba wakingojea dola 12, mpaka inaota ukungu.

Picha haikudanganya. Bei ile ilikuwa ya kweli, lakini ya Desemba 2024. Mwaka 2025 bei ilishuka sana, na mbele ya mwaka kuisha ilikuwa chini ya dola 6,000. Tena ni bei ya kakao iliyochachushwa na kukaushwa vizuri, yenye kufika bandarini ngambo. Ukiuza kakao mbichi, kumbuka kilo 1 ya kakao kavu inaomba karibu kilo 3 za mbichi. Kutoka shambani kwako mpaka bandari kuna gunia, mapato ya wapakiaji, lori, makaratasi, taksi za kila barriere (hizi za barriere ni solo lingine, na sisi pia tunalalamika), na faida ya mnunuzi.

Kwa kahawa makosa yanakuwa mara mbili, kwa sababu New York wanahesabu kwa libre, si kwa kilo. Libre 1 ni gramu 454. Februari 2025 arabika ilipita dola 4 kwa libre, ndiyo kusema karibu dola 9 kwa kilo. Lakini hiyo ni kahawa ya kijani. Kupata kilo 1 ya kijani unahitaji kilo 6 hivi za kahawa nyekundu kutoka mtini. Gawanya 9 kwa 6: inabaki dola 1 na nusu, mbele ya kutoa gharama hata moja. Memba mwenye kujua hesabu hii anaweza kukaa mbele ya jeran na kumuuliza vizuri: gharama zetu ni zipi, nani alizilipa, risiti iko wapi? Ulizo hilo ni haki yake, na jeran analazimishwa kujibu. Kutukana ndani ya grupe kwa picha ya mwaka ule hakumuletei hata franka.

Kwa hiyo tunaomba kitu kidogo: mtu akituma bei, aandike ni ya tarehe gani, ya soko gani, na ya mazao ya namna gani. Asipoandika, wengine wamuulize, hata kwa kumuchekelea.

Mzaha ukitoka katika grupe yake unapoteza uso wake. Sisi wa huku tunajua. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Desemba ile uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, wakitaja Ebola na usalama. Watu wa kwetu walipiga kura Machi 2019, wakati presida wa Republika alikuwa ameisha kula kiapo tangu Januari. Hasira ilieleweka. Watu wakasema kwa kicheko chungu kwamba Ebola ni ya kampeni. Kwa rafiki anayekujua, yalikuwa masolo. Nyuma ya kupita simu hata simu, kuna waliyoyapokea kama habari yenyewe. Hatusemi maneno ya simu peke yake yalileta mabaya yote, lakini vituo vya matibabu vilishambuliwa, na ugonjwa ulipotangazwa kuisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, jua umepitishwa mara nyingi, na anayekutumia si yeye aliyeandika. Radio trotwari ya zamani ulimuona angalau anayesema.

Kuna sheria pia. Ile tunaita Code du numérique, ya tarehe 13 Machi 2023, inamugusa hata mwenye kupitisha habari ya uongo juu ya mtu, si yule tu aliyeitunga. Kuna kifungo, kuna amande. Na mizaha juu ya watu wenye silaha, wa upande wowote, isiingie kabisa katika grupe ya koperative. Simu yako inaweza kutazamwa njiani na mtu asiyejua kucheka, na majina ya wenzako wote yako ndani.

Kwa mega: video ndizo zinakula pesa. Zima kupokea video peke yake katika simu yako, utafungua ile unataka. Mwenye odio ya dakika tano, tafadhali, aandike kwanza mstari mmoja wa kusema inahusu nini.

Inabaki wale wasio ndani ya grupe, na ni wengi: wamama wenye simu ndogo isiyo na intaneti, wazee, vijana ambao simu yao ilivunjika. Koperative moja imechagua mama mmoja mwenye sauti. Siku ya kupima mazao anasoma matangazo ya juma lote mbele ya mizani, na habari za kuchekesha mbili tatu juu yake, maana watu walimuambia bila hizo hawatasimama kusikiliza. Pia ana daftari yenye namba za wanamemba wote. Intaneti ilipokatwa nchi nzima tangu tarehe 31 Desemba 2018, karibu juma tatu, grupe zote zilinyamaza. Mwenye daftari aliendelea kupiga simu.