Nyika Asubuhi, Ziwa Alasiri: Tuwatoe Watoto Wetu Katika Hofu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuyatiisha maji kwa manufaa ya waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wa familia wana ndugu au jirani anayefanya kazi katika nchi za Ghuba, na kupitia simu wameletewa picha za safari iliyo maarufu huko: siku moja ya jangwa na bahari. Nchini Qatar, kusini ya mji wa Doha, kuna mahali paitwapo Khor Al Adaid, ambapo matuta ya mchanga huteremka hadi kwenye maji ya bahari iliyopenya ndani ya nchi kavu. Wageni hupandishwa na kuteremshwa matutani kwa magari yenye nguvu, kisha hushuka ufukweni kuogelea na kupiga kasia. Huko Oman nako, mchanga wa Sharqiya unaenea mpaka pwani ya Bahari ya Arabuni. Watoto wetu huzitazama picha hizo, kisha huuliza: mbona sisi hatuendi popote?

Swali hilo ni la haki. Kirushya haina jangwa wala bahari, lakini ina nyika kubwa mlangoni, na ziwa kubwa kuliko yote Afrika haliko mbali. Familia iliyoko Biharamulo inaweza kuingia nyikani asubuhi na kukanyaga ufukwe wa Ziwa Victoria alasiri ya siku hiyo hiyo. Kinachotuzuia si uhaba wa fedha peke yake. Iko pia hofu, na hofu hiyo ina historia.

Hofu tuliyoirithi

Kizazi cha wazazi wa leo kiliujua msitu kuwa ni maficho ya majambazi. Kwa miaka mingi, magari yaliyopita katika pori la Biharamulo yalisubiriana na kusindikizwa na askari. Mto Kagera tuliujua kwa msiba wa mwaka 1994, ulipobeba miili ya waliouawa Rwanda hadi ziwani, na mwishoni mwa Aprili mwaka huo wakimbizi zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda mfupi mno. Na ziwa lenyewe tulilijua kwa vilio. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafariki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Kiliundwa kubeba watu 101, lakini waliofariki peke yao walizidi 220.

Mzazi aliyeyaona hayo hawezi kulaumiwa anapomwambia mwanawe asisogelee maji. Hata hivyo, mtoto aliyekatazwa maji bila kufundishwa hapati usalama wowote kwa katazo hilo. Iko siku atapanda mtumbwi kwenda harusini, atavuka mto kwenda shule, au atawafuata wenzake bwawani bila ruhusa. Siku hiyo hatakuwa na kitu cha kumsaidia isipokuwa hofu, na hofu ndani ya maji huua haraka.

Dini yetu haikutuacha bila mwongozo katika jambo hili. Katika Hadithi iliyopokewa na Imamu Nasai, Mtume (s.a.w.) alitaja mambo manne yasiyohesabiwa kuwa ni upuuzi, na miongoni mwake ni mtu kucheza na ahali zake na mtu kujifunza kuogelea. Tuizingatie hekima hiyo: furaha ya familia na elimu ya maji zimetajwa mahali pamoja. Nayo Qur'ani, katika Sura ya Al-Ankabut, inatuamrisha kutembea katika ardhi na kutazama jinsi uumbaji ulivyoanza. Basi siku ya matembezi, ikipangwa vyema, ni darasa.

Nyika asubuhi

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yaliunganishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 4,700. Ni miongoni mwa hifadhi kubwa za nchi yetu, na baadhi ya ardhi yake imo katika wilaya zetu. Humo wamo twiga, pundamilia, nyati, tembo, nyamera, korongo na palahala, na katika vinamasi yumo nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope. Humo pia limo Ziwa Burigi, makazi ya viboko na mamba. Ziwa hilo hutazamwa kwa macho tu; haliogelewi.

Safari ianze baada ya Swala ya Alfajiri, kwani wanyama huonekana zaidi jua likiwa bado pole. Familia chache zikichangiana gari moja, gharama hupungua, na raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali. Ulizeni mapema kwa wahifadhi kuhusu ada, lango lililo karibu na hali ya barabara. Ndani ya hifadhi hakuna kushuka garini isipokuwa mahali paliporuhusiwa, wala hakuna kumlisha au kumpigia kelele mnyama.

Lipo jambo moja ambalo kina mama hasa walizingatie. Nyika hizi zina mbung'o, na mbung'o huvutwa na rangi nyeusi na ya buluu iliyokoza. Buibui jeusi, ambalo ni vazi letu la heshima, huko huwaita wadudu hao. Stara haina rangi moja. Vaeni baibui au kanzu ya rangi ya udongo, ya majani makavu au ya maziwa, yenye mikono mirefu na kitambaa kizito kidogo, nanyi mtakuwa mmejisitiri na mmejikinga kwa pamoja.

Wazazi wasikae kimya garini. Mtoto aulizwe: kwa nini pundamilia hutembea pamoja na nyamera? Kwa nini twiga hunywa maji akiwa na hadhari kubwa? Mtoto akijibu kwa akili yake, msitu hubadilika moyoni mwake. Hauwi tena maficho ya waovu, bali kazi ya Muumba.

Adhuhuri njiani

Kutoka nyikani, wasafiri waelekee Chato, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo na leo imo katika Mkoa wa Geita. Kwa familia zinazotoka Ngara mjini, safari hii ni ndefu mno kwa siku moja kwenda na kurudi. Ni busara zilale Biharamulo usiku uliotangulia, kwa jamaa au kwa Waislamu wenzao.

Swala isiwe jambo la kukumbukwa jioni. Aliyevuka masafa ya safari, ambayo wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafii huyakadiria kuwa zaidi ya kilomita 80, ana ruhusa ya kupunguza na kukusanya Adhuhuri na Alasiri. Anayetoka Biharamulo mjini hadi Chato na amuulize imamu wake kabla ya kuondoka, kwani masafa yake ni mafupi kuliko ya ndugu yake wa Ngara. Kibla katika maeneo yetu kiko kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Maji ya kutawadhia na ya kunywa yabebwe kutoka nyumbani katika madumu, kwa sababu tutakayoieleza.

Ziwa alasiri

Michezo ya maji haihitaji mashine za bei kubwa. Kuogelea mahali pasipo na kina, kupiga kasia katika mtumbwi, kuvua kwa ndoano, kuvutana kamba na kukimbizana mchangani: yote hayo yanaijaza alasiri furaha. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.), basi baba asione haya kukimbia na wanawe.

Lakini kabla ya mguu wa mtoto kugusa maji, ulizeni wavuvi wa hapo maswali manne. Je, mamba au viboko huonekana hapa? Kina huanzia wapi? Upepo huvuma vipi saa hizi? Na je, ufukwe huu una matete na konokono? Swali la mwisho linahusu kichocho. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, hata kama hakunywa tone. Kwa hiyo tuepuke kingo zenye matete na maji yaliyotuama, na ndiyo sababu tumeshauri maji ya udhu yabebwe. Anayejikausha kwa taulo upesi hupunguza hatari, lakini haiondoi. Wiki kadhaa baada ya safari, familia iliyoingia ziwani ifike zahanati kupimwa. Dawa ya kichocho ipo na inatibu.

Kuhusu mtumbwi na boti, sharti ni moja: asiye na jaketi okozi hapandi. Jaketi livaliwe na kufungwa, lisikaliwe kama mto, na la mtoto liwe la kipimo cha mtoto. Ukaguzi wa usalama wa vyombo vya majini ni kazi ya TASAC, na abiria ana haki ya kuuliza kama chombo kimesajiliwa na kinaruhusiwa kubeba watu wangapi. Nahodha akikasirishwa na swali hilo, shukeni. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi huongezeka, basi wenye kupanda mtumbwi wasiende mbali, na wingu likianza kujikusanya wote warudi.

Mtu mzima mmoja awe mlinzi wa watoto majini, asiwe na simu mkononi wala maongezi, kisha apokewe na mwingine kwa zamu. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele; huzama kimya, watu wakiwa wamekaa hatua chache wakila.

Stara haizuii elimu

Wapo watakaosema kwamba kuogelea ni kwa wavulana. Tuwajibu kwa mfano wa ndugu zetu wa Zanzibar. Huko Nungwi, mradi uitwao Panje uliwafundisha wanawake na wasichana wa Kiislamu kuogelea na kuokoa wanaozama. Waliingia baharini wakiwa wamevaa mavazi marefu yenye kuwasitiri mwili na nywele, na wanaoanza waliyakumbatia madumu matupu ya plastiki ili waelee. Waliohitimu wakawafundisha wenzao.

Dumu tupu lipo katika kila nyumba ya Ngara na Biharamulo. Ufukwe ni mrefu. Wanawake na watoto wadogo wanaweza kupata upande wao na wanaume upande wao, bila mchanganyiko na bila macho ya watu. Madrasa zetu nazo zinaweza kupanga safari hizi katika likizo ya kiangazi, Juni au Julai, mvua zikiwa zimekatika, zikiwa na walimu wa kike kwa wasichana.

Kwa familia za Ngara zisizoweza kufika ziwani, iko safari fupi: kupanda vilima vya Mafiga Matatu, nchi tatu zinapokutana, kisha kuyatazama maporomoko ya Rusumo ambayo leo yanazalisha umeme kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mto huo ni wa kutazamwa tu, kwani mkondo wake una nguvu kubwa.

Watoto ni amana

Inapotokea ajali majini, hukimbilia vinywani mwetu neno kwamba ilikuwa kadari. Tunaamini kadari, na tunamwomba Allah awahesabu waliozama miongoni mwa mashahidi kama ilivyokuja katika Hadithi. Lakini Mtume huyo huyo (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Jaketi okozi ni kamba ya ngamia wetu. Kuuliza kina cha maji ni kamba. Kumfundisha binti kuelea ni kamba. Aliyeziacha zote kisha akasema ni kadari, hajatawakali. Amepuuza amana aliyopewa.

Ewe mzazi, watoto wako hawahitaji matuta ya Qatar ili wawe na siku ya kukumbukwa. Wanahitaji wewe uwe pamoja nao, ukiwaonesha twiga asubuhi na ukiwashika mkono majini alasiri. Siku hiyo ipangwe kabla mwaka haujaisha: gari la kuchangia, chakula cha nyumbani, madumu mawili ya maji na dumu moja tupu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azilinde familia zetu nchi kavu na majini, na awape watoto wetu elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.