Tambi za Samoni kwa Krimu: Kununua kwa Makini, Kupika kwa Usalama

Samoni si samaki wa maji yetu. Wengi wa wauzwao madukani wamefugwa katika nchi za mbali kama Norwe na Chile, nao hutufikia wakiwa wamegandishwa, wamefukizwa moshi au wametiwa kwenye makopo. Bei yao ni kubwa na safari yao ni ndefu. Kwa hiyo mlaji anapaswa kuwa makini kabla ya kutoa fedha zake na kabla ya kuwasha jiko.

Unaponunua

Linganisha bei kwa gramu 100, si kwa pakiti. Kwa samaki wa kopo, tazama uzito wa samaki baada ya kuchujwa maji.

Usidanganywe na rangi. Wekundu wa samoni wa kufugwa hutokana na lishe anayopewa. Si uthibitisho wa ubichi.

Kataa pakiti iliyopasuka au iliyojaa chembe za barafu, kwani huenda samaki aliyeyuka kisha akagandishwa tena. Kataa pia kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye mshono.

Fahamu kuwa samoni aliyefukizwa kwa moshi baridi hajapikwa. Anaweza kuwa na bakteria aina ya listeria, ambao ni hatari zaidi kwa wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu. Watu hao wasimle mpaka apikwe na kutoka mvuke.

Kuyeyusha

Myeyushe samaki ndani ya jokofu usiku kucha, si juu ya meza. Ikiwa pakiti imeondolewa hewa, ifungue kwanza: wapo bakteria watoao sumu kali ambao hustawi mahali pasipo hewa.

Mahitaji ya watu wanne

Tambi au makaroni gramu 350. Minofu ya samoni gramu 400. Krimu ya kupikia mililita 200. Vitunguu saumu punje 2. Mchicha fungu 1. Mafuta kijiko 1. Nusu ya limau. Chumvi na pilipili manga.

Namna ya kupika

1. Chemsha maji mengi yenye chumvi, kisha tia tambi. Fuata muda ulioandikwa kwenye pakiti. Aghalabu ni dakika 8 hadi 12.

2. Wakati huo, papasa minofu kwa kidole, ng'oa miiba, uondoe ngozi na kukata vipande vidogo. Osha kisu, ubao na mikono kwa sabuni.

3. Kaanga vitunguu saumu kwa moto mdogo, ongeza samaki na umgeuze taratibu kwa dakika 4 au 5. Ameiva iwapo nyama yake haing'ai tena kama mbichi na inaachana kwa urahisi katikati.

4. Mimina krimu, tia mchicha uliooshwa na kukatwa, uache vichemke kidogo.

5. Kabla ya kuchuja tambi, teka kikombe kimoja cha maji yake. Changanya tambi na mchuzi, ukiongeza maji hayo kidogo kidogo. Wanga uliomo huufanya mchuzi ushikamane na tambi bila kuongeza krimu.

6. Epua, ndipo ukamulie limau. Ukilitia mchuzi ukiwa unachemka, krimu huweza kukatika.

Kupunguza gharama

Changu au kolekole hufaa badala ya samoni, na tui zito badala ya krimu. Samoni wa kopo amekwisha kuiva. Mtie mwishoni, apate moto tu.

Tahadhari

Chakula hiki kina samaki, maziwa na ngano, ambavyo huwadhuru wenye mzio. Waulize wageni wako kabla ya kupakua. Kiporo kiingie jokofuni kabla ya saa 2 kupita, kiliwe ndani ya siku 2, nacho kipashwe moto mpaka kitoke mvuke kote. Hifadhi risiti na pakiti hadi chakula kiliwe: ukikuta samaki ameharibika, hizo ndizo zitakazokusaidia kudai haki yako dukani.