Video za michoro: Faida iko kwenye leseni

Video za michoro zinazowafundisha wauguzi kwa njia ya intaneti zimekuwa bidhaa inayogombewa na makampuni makubwa ya vitabu. Mwekezaji mdogo anayelitupia macho soko hili hana budi kujua kwanza ni nani anayelipa.

Mfano mzuri ni Osmosis ya Marekani, iliyoanzishwa na Shiv Gaglani na Ryan Haynes walipokuwa wanafunzi wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Mwaka 2021 ilinunuliwa na Elsevier, kampuni ya uchapishaji yenye makao Amsterdam.

Mchoro una manufaa yake. Huonyesha dawa ikifanya kazi ndani ya figo, mahali ambapo kamera ya wodini haifiki, wala hauhitaji ridhaa ya mgonjwa. Mwongozo wa tiba ukibadilika, hurekebishwa kipande kilichopitwa na wakati tu.

Hata hivyo, nyingi ya video hizo hutolewa bure kwenye YouTube. Fedha hutokana na maswali ya majaribio, ripoti za maendeleo na leseni ambazo vyuo huwalipia wanafunzi. Aprili 2023 mtihani wa leseni ya uuguzi Marekani, NCLEX, ulibadilishwa ili upime zaidi uamuzi wa muuguzi mbele ya mgonjwa. Kukariri peke yake hakutoshi tena, na hapo ndipo wauzaji wa masomo ya michoro wanapopata wateja.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, Osmosis haina hisa zake sokoni. Zinazouzwa London, Amsterdam na New York ni hisa za RELX, mmiliki wa Elsevier. Mwaka 2023 mapato ya RELX yalikuwa paundi bilioni 9.16, yakiwemo ya huduma za sheria na maonyesho ya biashara. Video za uuguzi ni tone katika mtungi huo. Haziwezi kupandisha bei ya hisa peke yake.

Pili, video haizoeshi mkono. Kuweka dripu au mpira wa mkojo hujifunzwa wodini chini ya msimamizi. Chuo cha intaneti kisicho na hospitali ya mafunzo kinauza nusu ya bidhaa, na mwanafunzi hulipa ada yote.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa fedha, mwekezaji na aulize: ni vyuo vingapi vimelipia leseni, na vingapi vimelipia tena mwaka wa pili?